Ghuba Inapougua: Kusoma Dalili na Kufuata Chanzo

Malalamiko ya watu wanaoishi kando ya ghuba yanafanana sana, pwani yoyote ile. Maji yamegeuka kijani. Samaki wanaelea. Majani ya bahari yametoweka, mikoko imekauka, ufuko unanuka. Na mara nyingi jambo la kwanza kufanywa ni lile linaloonekana haraka: kupanda miche, kuzoa mwani, kumwaga dawa. Msimu mmoja ukipita, tatizo linarudi vilevile, kwa sababu kilichotibiwa ni dalili tu.

Ghuba imezingirwa na nchi kavu karibu pande zote. Kinachoingia hakitoki upesi. Maji yake yanaweza kukaa siku nyingi, au hata majuma, kabla ya kubadilishwa na maji ya bahari kuu. Ndiyo maana dalili huonekana majini lakini chanzo kwa kawaida kiko juu ya mto, kwenye karo la maji taka, kwenye shamba au kwenye barabara iliyoziba njia ya maji. Ukiishika kanuni hiyo moja, utajiokoa na kazi nyingi za bure.

Tafuta dalili yako hapa chini. Visababishi vinaanza na kile kinachotokea mara nyingi zaidi. Fanya ukaguzi mwepesi kwanza, na ukikuta neno "Simama", simama kweli.

Vifaa vya kuanzia

Daftari, jedwali la maji kupwa na kujaa, kipimajoto, chupa safi za kioo, simu ya kupigia picha, na sahani ya Secchi. Sahani hii ina jina la Angelo Secchi, padri na mwanafalaki wa Italia aliyeijaribu baharini mwaka 1865, na hadi leo sijaona kifaa cha bei ndogo kinachoishinda. Kata bamba la duara lenye upana wa sentimita 20 hadi 30, ligawe robo nne, paka mbili rangi nyeupe na mbili nyeusi, kisha lifungie uzito na kamba yenye alama kila nusu mita. Lishushe upande wa kivuli wa chombo mpaka lipotee machoni, halafu livute mpaka lionekane tena. Wastani wa vina hivyo viwili ndio uangavu wa maji yako.

Pima mahali palepale, saa ileile, na maji yakiwa katika hali ileile. Maji yanapojaa huingiza maji ya bahari kuu, yanapokupwa huteremsha ya mto. Anayepima leo wakati wa kujaa na kesho wakati wa kupwa atadhani ghuba imebadilika, kumbe ni maji tu yamegeuka.

Dalili: maji yamebadilika rangi au hayaonyeshi chini

Kisababishi cha kwanza ni tope kutoka nchi kavu. Cha pili ni mwani mdogo wa kuelea uliozidi kwa sababu ya mbolea na maji taka. Cha tatu ni upepo mkali uliokoroga mchanga wa chini, ambao hutulia wenyewe. Cha nne, na ni nadra, ni kemikali au rangi iliyomwagwa.

Ukaguzi mwepesi ni wa chupa. Jaza chupa ya kioo angavu, iweke mezani bila kuitikisa mpaka kesho yake asubuhi. Tope litakuwa limeshuka: utaona tabaka la kahawia chini na maji yaliyotakata juu yake. Mwani haushuki hivyo. Maji yatabaki na rangi, au utaona utando wa kijani au mwekundu uliojikusanya upande mmoja, mara nyingi ule unaopata mwanga wa dirisha. Ukiinusa chupa ya mwani utasikia harufu ya majani mabichi au ya samaki. Ya tope hunuka udongo tu.

Kama ni tope, panda na mto siku ya mvua. Usingoje mvua iishe. Kila kijito kinapoungana na mto, simama ulinganishe rangi ya pande mbili. Utafika mahali ambapo kijito kimoja ni chekundu na kingine ni safi. Fuata chekundu. Mwisho wake kwa kawaida ni shamba la mteremko lililolimwa hadi ukingoni, machimbo ya mchanga, au eneo la ujenzi lililoachwa wazi. Tiba iko hapo: ukanda wa miti na nyasi kando ya mto, matuta yanayokingama mteremko, na udongo wa ujenzi kuzuiwa kabla haujateremka.

Kama ni mwani, unatafuta virutubishi. Baharini kinacholisha mwani zaidi ni naitrojeni. Kwenye maziwa na mito ya maji baridi ni fosforasi. Angalia kwanza mabomba ya maji taka, kisha makaro ya nyumba zilizo karibu na ufuko, kisha mashamba yanayotiwa mbolea muda mfupi kabla ya mvua kubwa. Karo linaloonekana kufanya kazi vizuri bado hupitisha naitrojeni kwenye maji ya chini ya ardhi, na maji hayo yanaweza kuchukua miaka kuifikia ghuba. Kwa hiyo usikate tamaa kama umesafisha mwaka huu na maji hayajabadilika.

Dawa hii inafanya kazi, na ushahidi upo. Katika ghuba ya Kaneohe, Hawaii, maji taka yaliyokuwa yakimwagwa ndani yalihamishiwa bahari kuu mwaka 1977 na 1978. Maji yaliangaza upesi, ingawa aina moja ya mwani iliyokuwa imeshikilia matumbawe iliendelea kung'ang'ania kwa miaka mingi. Katika ghuba ya Tampa, Florida, mitambo ya kusafisha maji taka iliboreshwa, naitrojeni ikashuka, na kufikia mwaka 2014 majani ya bahari yalikuwa yamevuka hekta 16,000. Baadaye yalipungua tena. Naitaja sehemu hiyo ya pili kwa makusudi: kudhibiti virutubishi ni kazi ya kila mwaka, haina siku ya kukabidhi funguo.

*Simama:* maji yakiwa mekundu, ya kahawia iliyokolea au yenye utando kama rangi ya kupaka, na watu ufukoni wanakohoa au macho yanawawasha, ondokeni wote na mtoe taarifa kwa idara ya mazingira. Usile chaza, kombe wala kome wa eneo hilo. Sumu za mwani hukusanyika ndani ya nyama yao na haziondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kugandisha. Mtu aliyekula kisha midomo na vidole vikaanza kufa ganzi apelekwe hospitali mara moja, hata kama anasema anajisikia nafuu, kwa sababu sumu hiyo inaweza kusimamisha pumzi.

Dalili: samaki wanakufa, au wanahema juu ya maji

Watu hukimbilia kusema ni sumu. Mara nyingi si sumu. Ni ukosefu wa oksijeni.

Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: maji ya bahari yenye nyuzi 20 za Selsiasi yanaweza kubeba takriban miligramu 7.4 kwa lita, na yakifika nyuzi 30 ni kama 6.2 tu. Mchana mwani hutoa oksijeni, usiku huitumia. Ule mwani mwingi tuliouona kwenye dalili ya kwanza ukifa, huzama, na bakteria wanaouozesha humaliza kilichobaki. Chini ya miligramu 5 samaki wengi huanza kuhangaika. Chini ya 2, asiyeweza kukimbia hufa. Hali huwa mbaya kuliko zote alfajiri, siku ambazo bahari ni shwari na joto ni kali.

Kwa hiyo anza na maswali ambayo hayahitaji kifaa. Walianza kufa saa ngapi? Wakionekana alfajiri wakihema, oksijeni ndiyo mshukiwa. Nani amekufa kwanza? Oksijeni ikipungua, samaki wakubwa na wale wa chini hutangulia, na kaa hupanda kwenye nguzo za gati wakitafuta hewa. Sumu kwa kawaida huanza na wadogo, na haichagui saa. Ni aina moja tu au zote? Aina moja ikifa peke yake, fikiria ugonjwa, au mvuvi aliyetupa mzigo usiouzika. Pasua mmoja mbichi: kibofu cha hewa kilichochanika, uti uliovunjika na damu tumboni ni kazi ya baruti.

Kisha pima oksijeni kabla ya jua kuchomoza, juu na karibu na chini. Kipimo cha juu peke yake hudanganya, kwa sababu maji ya juu yanagusana na hewa. Ukikuta juu ni sawa na chini hakuna kitu, maji yamejitenga matabaka, na unarudi kwenye swali la virutubishi. Kupuliza hewa kwa mashine husaidia bwawa. Ghuba nzima haiwezekani, na fedha hiyo ni afadhali iende kwenye karo.

Kuna jambo moja la kuangaliwa kwa makini. Upande wa mashariki wa ghuba ya Mobile, Alabama, baadhi ya alfajiri za kiangazi kaa, kamba na samaki wa chini hujazana kwenye maji ya kifundo cha mguu, wazima lakini wamelegea, na watu huteremka na ndoo kwa furaha. Ni tukio la zamani na linajulikana pale. Wanachokikimbia viumbe hao ni maji yasiyo na oksijeni yaliyosukumwa kuelekea ufukoni. Ukiona jambo kama hilo kwenye ghuba ambako halikuwahi kutokea, liandike kwenye daftari kama onyo kabla hujafikiria ndoo.

*Simama:* samaki waliokufa bila sababu inayojulikana hawaliwi, na hawapewi mifugo. Vaa glavu. Chukua wawili watatu wanaokaribia kufa, si waliooza, uwaweke kwenye barafu bila kuwagandisha. Jaza chupa ya kioo maji ya mahali hapo mpaka mdomoni, ifunge, andika saa na mahali, halafu ita idara ya uvuvi au mazingira siku hiyohiyo. Sampuli ya kesho mara nyingi haiwezi tena kusema kitu.

Dalili: harufu ya mayai viza

Tope la mikoko lina harufu hiyo kwa asili, hasa ukilikanyaga maji yakiwa yamekupwa. Hapo hakuna tatizo. Tatizo lipo harufu inapokuwa mpya, inaposambaa hadi kwenye nyumba, au inapotoka kwenye rundo la mwani uliooza. Sababu nyingine ni bomba la maji taka lililopasuka, na hilo utalitambua kwa mapovu ya kijivu na utelezi juu ya mawe.

Mwani ukirundikana, uzolewe ungali mbichi, ndani ya siku moja au mbili, na kwa reki badala ya buldoza inayobeba na mchanga. Baada ya hapo rundo hutengeneza gamba kavu juu, na gesi ya haidrojeni salfaidi hujifungia chini yake.

*Simama:* usikanyage gamba hilo wala kulivunja. Mwaka 2009, kwenye ufuko wa Saint-Michel-en-Grève huko Brittany, Ufaransa, farasi alikufa kwenye mwani uliooza na aliyempanda alizimia. Gesi hii ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, hivyo harufu kupotea ghafla haina maana kwamba hatari imeisha. Kuzoa rundo la zamani ni kazi ya watu wenye vipima gesi na vifaa vya kupumulia.

Dalili: majani ya bahari yanapungua

Majani ya bahari ndiyo malisho ya kasa na nguva, na ndiyo malezi ya samaki wadogo, kwa hiyo yakipungua utasikia kwa wavuvi kabla hujaona mwenyewe. Visababishi kwa mpangilio: ukosefu wa mwanga, nanga na pangaboi za maboti, nyavu za kukokota, joto, kisha magonjwa na walaji waliozidi.

Umbo la pengo linakuambia mengi. Ogelea kwa miwani ya kuzamia au tumia picha ya angani. Kama yanarudi nyuma kutoka ukingo wa kina kirefu, mwanga haufiki: majani mengi huhitaji angalau asilimia 10 hadi 20 hivi ya mwanga ulioko juu ya maji. Mistari mirefu iliyonyooka ni pangaboi. Duara tupu lenye mnyororo katikati ni boya lililofungwa vibaya, mnyororo wake ukifagia chini kila upepo unapogeuka. Shika jani moja bila kuling'oa, upitishe kidole juu yake: likiwa na manyoya ya kahawia yanayotoka kama masizi, virutubishi vimezidi na manyoya hayo ndiyo yanayolinyima jua.

Boya ndilo rahisi kurekebisha. Badilisha mnyororo kwa kamba inayoelea, uelekeze vyombo visitie nanga juu ya majani, weka alama za njia ya maboti. Kovu la pangaboi linaweza kuchukua miaka kadhaa kufunga, kwa hiyo kinga ni bora kuliko upanzi.

Na upanzi? Unawezekana, maji yakiwa tayari safi. Ghuba za pwani ya Virginia, Marekani, zilipoteza majani yake miaka ya 1930 kwa ugonjwa na kimbunga. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 wanasayansi na watu wa kujitolea walitawanya mbegu zaidi ya milioni 70 kwenye eneo la hekta 200 hivi, na leo majani yamejienezea yenyewe hadi zaidi ya hekta 3,600. Ilifaulu kwa sababu maji yalikuwa yanafaa na kilichokosekana ni mbegu. Kwenye maji ya tope, mbegu hizohizo zingekuwa chakula cha kaa.

*Simama:* usihamishe majani kutoka eneo zima kwenda lililokufa bila kibali na mtaalamu. Unaweza kuharibu mawili kwa mpigo.

Dalili: mikoko inakauka, au miche inakufa kila mwaka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna sehemu ya ghuba inayopotezewa nguvu za watu wema kama hii.

Mikoko iliyokomaa ikikauka kwa pamoja, angalia maji kabla ya mti. Kisababishi kikubwa ni njia ya maji iliyozibwa. Barabara, tuta la bwawa la kamba au kalvati iliyojaa takataka huzuia maji yasiingie, na chumvi inapanda. Au huyazuia yasitoke, na mizizi inazama. Nenda wakati wa maji makavu. Ukikuta ndani ya mikoko maji yametuama ya kahawia na nje tope limekauka, umepata jibu. Nenda tena wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, uone maji yanaishia wapi.

Kisababishi cha pili ni mashapo. Mchu, aina moja ya mikoko, una mizizi ya kupumulia iliyosimama kama penseli juu ya tope. Ikifunikwa, mti hukosa hewa, na tabaka la sentimita 10 tu linaweza kutosha. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, hori la Mwache, Kenya, lilipoteza mikoko mingi kwa njia hiyo: udongo wa bara uliteremka na kuizika mizizi. Ukaguzi ni kuchimba kwa mkono pembeni mwa mti hadi uione ncha ya mzizi, kisha kupima. Ncha ikiwa chini ya ardhi, rudi kwenye mto wa dalili ya kwanza.

Halafu huja ukataji, mafuta yaliyoganda kwenye mizizi, na wadudu. Wadudu wakishambulia miti iliyokwisha dhoofika, usiwalaumu wao peke yao.

Miche ya kupandwa ina hadithi yake. Mikoko huota kati ya wastani wa usawa wa bahari na kiwango cha maji makubwa. Lakini mahali pepesi kupanda, ambapo hapana mwenyewe wala ugomvi wa ardhi, ni tambarare ya tope iliyo chini ya hapo, inayofunikwa na maji muda mwingi wa siku. Watu wanapanda, wanapigwa picha, miche inafunikwa na makombe madogo, inainama, inakufa. Mwaka unaofuata wanapanda palepale. Kabla ya kupanda, jiulize: je, mikoko iliwahi kuota hapa? Kama haikuwahi, kuna sababu. Kama iliwahi na haiko tena, ni nini kilichobadilika?

Robin Lewis, mtaalamu wa Marekani aliyefanya kazi hii kwa miongo mingi, alisisitiza hatua iliyo rahisi kuliko zote: rekebisha mwinuko wa ardhi na mwendo wa maji, na mara nyingi mbegu zitaletwa na maji yenyewe. Kupanda ni pale tu ambapo mbegu hazifiki. Kwa hiyo zibua kalvati, kata tuta mahali maji ya asili yalipopita, safisha mkondo, kisha ngoja msimu mmoja wa mbegu. Miche ikijiota, kazi yako iliyobaki ni kulinda tu.

*Simama:* usikate tuta wala kuchimba mkondo bila mhandisi wa maji na kibali. Maji uliyoyafungulia yanaweza kuingia kwenye nyumba, mashamba au visima vya watu.

Dalili: matumbawe yamekuwa meupe

Joto ni la kwanza. Maji yakizidi nyuzi moja ya Selsiasi juu ya kiwango cha kawaida cha miezi ya joto, na yakakaa hivyo majuma kadhaa, tumbawe hufukuza mwani mdogo unaoishi ndani yake na kulilisha. Mwaka 1998 hali hiyo iliua matumbawe mengi kote Bahari ya Hindi. Sababu zinazofuata ni maji ya mafuriko yasiyo na chumvi, tope, viti vya pweza aina ya taji la miiba, na magonjwa.

Tumbawe jeupe si lazima liwe limekufa. Sogea karibu bila kugusa. Ukiona nyama laini inayong'aa na vijimdomo vidogo, bado ni hai na linaweza kupona maji yakipoa. Ukiona mifupa mikavu yenye ukungu wa kijani, limekwisha. Weupe ulioenea kila mahali ni joto. Ulio karibu na mdomo wa mto ni mafuriko. Mabaka yaliyoliwa kwa duara ni taji la miiba, mtafute chini ya mawe. Mstari mweupe unaotembea siku hadi siku ni ugonjwa.

Hakuna mtu wa ghuba anayeweza kupoza bahari. Kinachowezekana ni kuondoa mizigo mingine ili tumbawe lipone: nanga ziondoke, tope lipungue, na pono na tasi waachwe wale mwani unaogombea mahali pa matumbawe machanga. Usipande vipande vipya kipindi cha joto.

*Simama:* miiba ya taji la miiba ina sumu na hupenya glavu za kawaida. Kuwaondoa ni kazi ya wazamiaji waliofunzwa.

Dalili: utando wa rangirangi juu ya maji

Chukua kijiti uupasue. Ukivunjika vipande kama kioo na visirudiane, ni bakteria wa chuma wa asili, mwache. Ukizunguka na kuungana tena, ni mafuta. Fuata harufu kuelekea juu ya upepo: injini ya boti, gereji, mtaro wa barabara. Usimwage sabuni kamwe; huyazamisha mafuta tu na kuwaongezea viumbe wa chini sumu ya pili. Mafuta mazito au mengi, ondoka, usiwashe moto, ita mamlaka ya bandari.

Dalili: waogeleaji wanaumwa tumbo au wanawashwa

Tumbo na masikio huelekeza kwenye kinyesi, ngozi peke yake kwenye vimelea au viluwiluwi vya yavuyavu. Uliza kama mvua ilinyesha; baada ya mvua kubwa ni busara kukaa nje ya maji siku tatu hivi. Maji yakipelekwa maabara, omba kipimo cha enterokoki, bakteria wa kinyesi wanaoishi baharini muda mrefu kuliko wenzao wa kinyesi waitwao E. koli. Matokeo yakija mabaya mara kwa mara hata kiangazi, kuna bomba linalovuja, na fundi wa maji taka ndiye wa kuitwa.

Dalili: chaza wenye magamba manene yaliyopinda, au wasiozaa

Hii ilitokea ghuba ya Arcachon, Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1970. Chanzo kilikuwa rangi ya kupaka mashua yenye kemikali ya bati iitwayo TBT. Ufaransa iliipiga marufuku kwa vyombo vidogo mwaka 1982, na mkataba wa kimataifa ukaanza kazi mwaka 2008. Tope la karibu na viwanda vya meli bado linaweza kuwa nayo, hivyo lipimwe maabara kabla mtu hajalichimba.

Dalili: ndege, paka au mbwa wa ufukoni wanayumba na kutetemeka

Sina ukaguzi mwepesi wa kukupa. Simama papo hapo. Katika ghuba ya Minamata, Japani, paka waliokula samaki walianza kuruka na kuanguka kabla ugonjwa wa binadamu haujatambuliwa rasmi mwaka 1956. Ilikuwa zebaki kutoka kiwandani, na iliendelea kumwagwa hadi 1968. Watu waliendelea kula samaki miaka hiyo yote. Acheni kula vya ghuba, tangazieni majirani, ita idara ya afya na ya mazingira kwa maandishi, na uhifadhi nakala yenye tarehe.

Dalili: ufuko unaliwa

Kwanza hakikisha si mzunguko wa majira: fukwe nyingi hupoteza mchanga msimu mmoja na kuurudishiwa mwingine. Piga picha ukiwa umesimama palepale, kila mwezi kwa mwaka mzima, nguzo au mti usiohama ukiwa ndani ya picha. Kama hasara inaendelea, angalia machimbo ya mchanga, kisha ukuta wa jirani unaorudisha mawimbi pembeni, kisha bwawa lililojengwa mtoni likazuia mchanga kuteremka, kisha majani ya bahari na matumbawe yaliyokuwa yakivunja mawimbi. Usijenge ukuta wako kwa haraka. Huhamishia tatizo kwa anayefuata, naye atajenga wake. Zungumzeni kwanza mkiwa ufuko mzima, kisha mtafute mhandisi wa pwani mkiwa na zile picha za miezi 12 mkononi.